"Lini?" Mwongozo kamili wa kutambua usumbufu na udhalilishaji mtaani Uganda, na kuuripoti

Swali la kwanza la askari wa zamu huwa si "alikufanya nini". Huwa ni "lini?" Na jibu ninalolisikia karibu kila mara ninapomsindikiza jirani kituoni kumtafsiria ni hili: "Kila siku, afande." Kila siku si tarehe. Askari anaweka kalamu chini, anamwambia mama wa watu aende akapumzike, akisumbuliwa tena arudi. Mama anatoka pale akiamini polisi wamekataa kesi yake, kumbe kesi haikufika hata mezani.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yetu tunaoongea Kiswahili ndani ya Uganda: Wakongomani wa Katwe na Nsambya, walioko Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, Wanubi wa Bombo na Arua, wafanyabiashara waliotoka Kenya na Tanzania. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na askari wengi wanakisema. Lakini maelezo ya kituoni huandikwa kwa Kiingereza, na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, atakusikiliza kwa Kiluganda au Kinyankole. Malalamiko yetu mengi hupotelea katika mwanya huo, hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Ni usumbufu, au ni maudhi tu?

Kutongozwa si kosa. Mtu anaweza kukusalimu, akakusifu, akakuomba namba ya simu. Ukisema hapana anaona haya kidogo, mambo yanaisha. Usumbufu hauishi hapo. Umesema hapana Jumatatu, Jumanne yuko palepale kwenye steji ya boda akikupigia mluzi na kuita "sayizi yange", yaani "saizi yangu", mbele ya wenzake wanaocheka. Jumatano anakufuata mpaka mlangoni. Alhamisi anakushika mkono. Ukilalamika anasema ni utani tu.

Kipimo ninachokiamini mimi hakimo katika sheria yoyote: umebadilisha nini katika maisha yako kwa sababu ya mtu huyo? Kama unazunguka njia ya mbali kwenda sokoni, kama unamwamsha mtoto akusindikize chooni usiku, kama simu ikiita moyo unaruka, kama umeacha kazi au umefikiria kuhama chumba, basi hayo si maudhi. Hayo yameshakula maisha yako.

Halafu tazama nani ana nguvu juu ya nani. Mwenye nyumba anayegonga mlango saa nne usiku "kuulizia kodi" na kodi umelipa. Msimamizi anayekwambia zamu nzuri zina bei yake. Mwalimu anayemwita msichana peke yake kusahihisha daftari. Kiongozi wa kugawa msaada anayetaka kitu kwanza kabla jina lako halijaingia kwenye orodha. Hapo hata neno moja linatosha, kwa sababu wewe kusema hapana kuna gharama na yeye anaijua.

Si yote yanahusu mwili. Kumrushia mjane mawe juu ya bati ili aache kiwanja, kumwita jirani mchawi kila apitapo, kumzomea mtu "rudi kwenu" mpaka watoto wake waogope kwenda shule, kumtumia mtu sauti za matusi usiku kucha kwa sababu ya deni: huo nao ni usumbufu, na unaripotiwa. Deni halimpi mtu ruhusa ya kukutukana mbele ya wateja wako.

Sheria inasemaje? Uganda haina sheria moja inayokusanya haya yote. Bunge lilipitisha muswada wa makosa ya kijinsia mwaka 2021, Rais akaurudisha. Kwa hiyo kila tukio tunalitafutia nyumba yake. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inasema kwamba mtu anayetoa neno, sauti au ishara kwa nia ya kumvunjia mwanamke heshima anaweza kufungwa mpaka mwaka 1. Akimshika kwa njia ya aibu bila ridhaa, kifungo kinaweza kufika miaka 14. Wengi hawajui hili la kwanza. Wanadhani mpaka upigwe ndipo kuna kosa.

Ya nyumbani yana Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010, ambayo haiishii kwenye kipigo: kunyimwa fedha za matumizi, vitisho na mateso ya moyo vimo, na mfanyakazi wa ndani naye analindwa hata kama haishi pale anapofanya kazi. Ya kazini yana Sheria ya Ajira ya 2006. Ya simu na mitandao yanaangukia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, ingawa kifungu chake cha 25, kilichohusu ujumbe wa kuudhi, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023. Kwa hiyo ukienda kituoni usiseme "ameniudhi mtandaoni". Sema alichofanya: ametishia, amenifuatilia, amesambaza picha yangu.

Na nguo? Mwaka 2014, baada ya kupitishwa sheria dhidi ya ponografia, makundi ya watu yaliwavua wanawake nguo hadharani yakidai yanatekeleza sheria. Hayakuwa na mamlaka hayo wakati ule, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vikuu vya sheria yenyewe. Mtu akikwambia sketi yako ndiyo iliyomfanya akushike, hilo liandike kama lilivyo. Amekiri kukushika.

Wakati tukio linaendelea

Nenda kwenye mwanga na watu: duka, kibanda cha mobile money, msikiti, kanisa. Sema kwa sauti jambo lenyewe, kwa lugha mbili kama unaweza: "Niache! Usinishike!" Kwenye taksi, sema na dereva au kondakta na ushuke penye watu, si penye giza kwa sababu umekasirika.

Jambo moja nakuomba sana. Usipige kelele za "mwizi!" Najua zinaleta watu haraka. Zinaleta pia mawe na matairi, na Kampala mtu anaweza kuuawa kabla hujamaliza kueleza kwamba hakuiba kitu. Hapo kesi itakuwa nyingine kabisa na wewe ndiye utakayehojiwa.

Kama kuna hatari ya sasa hivi, piga 999 au 112. Kama anayeumizwa ni mtoto, piga 116, namba ya bure inayoitwa Sauti, chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Wanapokea pia taarifa za ukatili wa kijinsia kwa watu wazima.

Daftari

Nunua daftari la shule, lile dogo la kurasa 48. Hapa ndipo kesi inapoanza, si kituoni. Andika usiku uleule, kwa lugha unayoifikiria. Kiswahili cha Bukavu, cha Arua au cha Mombasa, chochote. Usijali mwandiko.

Kila tukio linahitaji tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe, na nani alikuwepo. Maneno yenyewe ndiyo yanayotushinda, kwa sababu tumelelewa kutotamka matusi. Mama mmoja alisisitiza kwa askari kwamba kijana "alimwambia maneno mabaya". Maneno gani? "Mabaya, afande, siwezi kusema." Askari akaandika kwamba kulikuwa na ugomvi wa majirani. Kama kinywa hakiwezi kutamka, mkono uandike. Kituoni utamwonyesha askari ukurasa, yeye asome mwenyewe.

Saa nazo zina mtego wake. Ukisema saa mbili usiku, anayekutafsiria haraka anaweza kuandika saa mbili ya Kizungu, na kumbe ilikuwa saa ambayo maduka bado yako wazi. Wakili wa upande wa pili akiliona hilo ataifurahia sana siku hiyo. Andika zote mbili: "saa mbili usiku, yaani 8 p.m."

Ukurasa mzuri unafanana na huu: "Jumanne 4 Machi, saa kumi na mbili na nusu jioni (6:30 p.m.), steji ya boda karibu na kisima. Amenishika kiuno kwa mkono wa kushoto, akasema 'leo huendi'. Nimemwambia niache mara mbili. Alikuwepo muuza chapati na kijana wa pikipiki nyekundu. Nimemweleza dada yangu usiku huu." Hiyo ya mwisho haina uzito mdogo. Mtu uliyemweleza mapema anaweza kuwa shahidi kwamba hukuitunga hadithi mwezi mmoja baadaye.

Usiandike unachodhani. "Anataka kuniua" ni dhana. "Alisema nitakuona usiku, akanionyesha kisu" ni tukio. Usirarue kurasa na usifute. Ukikosea kata kwa mstari mmoja na uendelee. Kama unaishi na mtu unayemwandika, daftari lisikae nyumbani. Liache kwa mtu unayemwamini, au piga picha kila ukurasa umtumie kisha ufute kwenye simu yako.

Kama hujui jina lake, usikae kimya kwa sababu hiyo. Namba ya pleti ya boda au taksi inatosha kuanzia, na steji nyingi zina mwenyekiti anayewajua vijana wake kwa majina na makwao. Ukiwa umepanda kwa programu kama SafeBoda, piga picha ya ukurasa wa safari kabla haujapotea. Kama ni namba ya simu inayokusumbua, kuna ujanja wa mtaani: anza kumtumia pesa kidogo kwa mobile money, jina la aliyesajili namba linatokea, halafu usiweke namba ya siri. Jina hilo mpe mpelelezi tu. Laini nyingi zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine, na ukilisambaza unaweza kumchafua bibi wa mtu aliyeko kijijini hana habari.

Simu yako ni shahidi, usiinyamazishe

Usifute ujumbe kwa hasira. Ukipiga picha ya skrini, hakikisha namba ya simu inaonekana, si jina ulilomwandika wewe. "Mshenzi Usipokee" halimtambulishi mtu mahakamani. Tarehe ionekane pia. Kama mazungumzo ya WhatsApp yamewekwa yajifute yenyewe, yazime leo. Sauti alizokutumia zihifadhi, na simu yenyewe usiiuze wala kuibadilisha mpaka mambo yaishe, kwa sababu nakala uliyomtumia rafiki haina nguvu kama simu ya mwanzo.

Mjibu mara moja, kwa maandishi, kwa ufupi: "Sitaki unipigie wala kuniandikia tena." Kisha nyamaza. Ukimrudishia matusi matano, atakwenda nayo hayo matano kituoni.

Na usikimbilie TikTok au kundi la WhatsApp la mtaa kumweka uso wake. Naelewa hasira. Lakini atakachofanya kesho yake ni kukushtaki wewe kwa kumchafulia jina, na askari atakuwa na kesi mbili zinazofutana.

Kama umebakwa au umeshikwa kwa nguvu, mpangilio unageuka

Hospitali kwanza. Daftari baadaye, LC baadaye, hata polisi wanaweza kufuata. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi. Inamezwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina muda wa siku 5, nayo bora mapema. Nenda hospitali au kituo cha afya cha ngazi ya III au IV kilicho karibu.

Usioge, usifue. Kama umeshabadilisha nguo, ziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na ushahidi huoza. Uchunguzi wa daktari hujazwa kwenye Fomu ya Polisi namba 3A, inayoitwa PF3A. Ile ya majeraha ya kawaida ni PF3. Fomu hizi hazilipiwi. Ukiombwa fedha ya karatasi, uliza kwa upole risiti itaandikwaje. Swali hilo limeniokolea muda zaidi ya ugomvi wowote.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, sheria haiulizi kama alikubali. Hata akisema yeye ndiye aliyekwenda kwa mwanaume huyo, ni kumnajisi mtoto.

Uanze kwa LC au polisi?

Watu wa kijiji wamezoea kwamba hakuna jambo linalokwenda polisi bila barua ya LC. Kwa mambo madogo ya ujirani, LC1, yaani LC ya kijiji, ni pazuri kwelikweli. Mwenyekiti anamjua kijana, anamjua baba yake, na onyo lake mbele ya wazee wakati mwingine hufanya kazi ambayo seli haifanyi. Kwenye kamati yake ya watu kumi kuna mwakilishi wa wanawake, kuna anayehusika na usalama, na makamu mwenyekiti hushughulikia mambo ya watoto. Kama mwenyekiti ni shemeji wa anayekusumbua, anza na mmoja wa hao.

Omba jambo lako liandikwe katika kitabu cha LC, tarehe na sahihi. Onyo la mdomo likipuuzwa huna cha kuonyesha. Lililoandikwa ndilo utakalobeba kwenda kituoni.

Ila kuna mambo ambayo hayapiti hapo. Ubakaji, kumnajisi mtoto, kushikwa mwili kwa nguvu na vitisho vya kuua si vya LC kuamua, hata mwenyekiti awe mtu mwema namna gani, na polisi hawana haki ya kukurudisha ukalete barua. Kwa ukatili wa nyumbani, sheria ya 2010 inaruhusu kulalamika mbele ya mahakama ya LC, lakini kama mtu huyo amerudia kosa au anaonekana ataumiza tena, LC anatakiwa alipeleke jambo polisi na kwa hakimu. Mahakama ya hakimu inaweza kutoa amri ya ulinzi, yaani karatasi inayomkataza mtu kukukaribia au kukusumbua. Watu wachache sana wanaiomba. Muulize wakili wa msaada kuhusu amri hiyo kwa jina.

Sasa, hayo ya "tuyamalize nyumbani". Yatakuja. Watakuja wajomba, atakuja mchungaji au shehe, watakuja na mbuzi au bahasha. Sidharau upatanisho, sisi ni watu wa vikao, na majirani wanaopigana kila wiki hawahitaji jela. Lakini kikao kinachomkuta mtoto wa miaka 13 na kuishia kwa baba kupokea fedha si upatanisho, ni biashara, na kesi ya namna hiyo familia haina mamlaka ya kuifuta. Kwa mambo madogo, ukikubali kikao, weka masharti: aandike asichofanya tena, mashahidi wasaini, nakala ibaki kwako. Asipotaka kuandika, umeshapata jibu.

Ndani ya kituo

Nenda asubuhi, siku ya kazi, na mtu mmoja mtulivu. Si watano. Uliza Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Vituo vingi vikubwa vina askari wa kitengo hicho, mara nyingi wanawake, wenye chumba pembeni ambapo hutasikiwa na foleni nzima. Kama ni ukatili wa nyumbani unaweza kuomba maelezo yako yachukuliwe na askari wa jinsia yako, na hata kwa makosa mengine omba tu.

Anza na la hivi karibuni, si la mwanzo. Tunapenda kusimulia kuanzia siku tulipohamia nyumba ile. Askari ana watu kumi nje. Mwambie: "Afande, jana saa fulani, mahali fulani, mtu huyu alifanya hivi. Na si mara ya kwanza, nina tarehe nyingine sita hapa." Halafu fungua daftari.

Maelezo yataandikwa kwa Kiingereza. Usitie sahihi wala dole gumba mpaka usomewe yote kwa lugha unayoielewa. Nalisema hili kwa uchungu. Katika kituo kimoja nilichelewa kufika, na jirani yangu alikuwa ameshasaini. Alikuwa amesema "alinishika", yule kijana aliyejitolea kutafsiri akatumia neno la Kiingereza la "alinikamata", na kwenye karatasi ikawa kana kwamba alimzuia asianguke. Ilituchukua wiki tatu kuandikisha maelezo ya nyongeza. Usimchukue mtoto wako akutafsirie mambo haya, wala jirani wa mtuhumiwa. Na jina la kiungo cha mwili lisemwe kama lilivyo. "Huku chini" inaweza kuwa goti.

Kabla hujatoka, omba namba ya SD, yaani namba ya tukio lako katika kitabu cha kituo. Bila hiyo, kesho hakuna atakayekumbuka ulikuja. Jambo likifunguliwa faili la jinai utapata pia namba ya CRB. Andika zote mbili daftarini, pamoja na jina na simu ya mpelelezi. Kufungua kesi ni bure. Wakikuomba mafuta ya pikipiki kwenda kumkamata mtu, na wengi wetu tumeombwa, si wajibu wako.

Usishtuke ukimwona mtuhumiwa mtaani siku ya tatu. Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 au aachiwe, na polisi humwachia kwa dhamana ambayo nayo ni ya bure. Kuachiwa si kushinda kesi. Lakini mipango yako ya usiku wa tatu ifanye mapema: utalala wapi, nani anajua, simu ina chaji. Akikutisha baada ya kutoka, hilo ni tukio jipya, ukurasa mpya, na mpelelezi aambiwe siku hiyohiyo.

Kazini, shuleni, kambini

Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa na Sheria ya Ajira kuwa na utaratibu wa kuzuia udhalilishaji wa kijinsia. Andika barua, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Lakini hata kama mko watatu tu saluni, unaweza kwenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Usiache kazi kwa hasira kabla ya kuandika; ukiondoka kimya watasema ulitoroka.

Shuleni tafuta mwalimu mlezi wa kike au wa kiume. Na walimu wakumbuke kwamba wao, pamoja na wahudumu wa afya, maofisa wa ustawi na madiwani wa mitaa, wamebanwa na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 kutoa taarifa mtoto anapoumizwa. Mwalimu mkuu anayesema "tusichafue jina la shule" anakuomba uvunje sheria.

Kambini, mwenyekiti wa RWC, yaani kamati ya ustawi wa wakimbizi, anafanya kazi inayofanana na ya LC, na juu yake kuna komandanti wa OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) na polisi wa kambi. Shida ni kwamba mtu anayekusumbua anaweza kuwa ndani ya mnyororo huohuo. Basi tumia simu ya bure ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, 0800 323232. Ina watu wanaoongea Kiswahili. Chakula, karatasi za mkimbizi, orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu: hakuna kati ya hivyo kinacholipiwa, si kwa shilingi wala kwa mwili. Aliyekuomba, andika jina, fulana aliyovaa ina nembo gani, siku gani. Huhitaji kuwa na hakika ya cheo chake.

Kwa wakili wa bure, FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanza mwaka 1974, husaidia wanawake na watoto. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere husaidia wakimbizi.

Kama si wewe, ni jirani

Muulize akiwa peke yake, na usimuulize "kwa nini hukusema?" Muulize anataka nini kwanza. Mtu mzima ana haki ya kusema bado. Unaweza kuanza kuandika daftari lako mwenyewe la ulichoona na kusikia kwa masikio yako. Siku akiwa tayari, utakuwa shahidi mwenye tarehe. Kwa mtoto hakuna "bado": Sheria ya Watoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba mtoto anaumizwa atoe taarifa.

Wanaume nao wanasumbuliwa: kijana wa dukani na bosi wake wa kike, mzee na wapangaji wake, mvulana na mwalimu. Kifungu cha kuvunjiwa heshima kimeandikwa kwa ajili ya wanawake na wasichana, hivyo mwanamume huripoti kupitia vitisho, shambulio au Sheria ya Ajira. Aliyedhalilishwa na mwanamume mwenzake huogopa kugeuzwa mtuhumiwa, hasa tangu sheria ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga. Hofu hiyo ina msingi. Ushauri wangu kwake ni hospitali kwanza, kisha wakili, na kituoni aende akiwa na wakili.

Jambo likilala

Faili hulala. Mpelelezi anahamishwa, simu yake haipokelewi, unaambiwa urudi Ijumaa, na Ijumaa unaambiwa Jumatatu. Nenda kila baada ya wiki mbili, taja namba ya SD, na uandike ulikutana na nani na alisema nini. Baada ya safari tatu zisizo na jibu, omba kumwona mkuu wa kituo, halafu kamanda wa polisi wa wilaya. Kama tatizo ni askari mwenyewe, amekuomba fedha au amempa mtuhumiwa namba yako, kuna kitengo cha nidhamu cha polisi kinachoitwa Professional Standards Unit, na kuna Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda yenye ofisi mikoani, kama Gulu, Arua, Mbarara na Fort Portal. Huko nako watakuuliza lini, na utawafungulia ukurasa.